Usizime

Sanduku lina miaka kumi na mitatu,
jeusi, ukubwa wa mkate wa boflo,
limekaa juu ya kabati la viatu ukumbini.
Diski mbili tumboni. Moja hukohoa.

Jumamosi, Maribor, theluji imegeuka tope,
nimepakua programu dhibiti mpya, ya mwisho:
wenyewe wameandika kwamba baada ya hii
hawatatoa nyingine,
kama daktari anayeandika dawa
huku mkono mmoja umeshaingia kwenye koti.

Skrini ikasema: dakika kumi na mbili.
Usizime umeme.

Usizime! Aliyetunga sentensi hiyo
hajawahi kulala usiku mmoja katika jengo letu,
ambamo fyuzi moja hulisha ghorofa nzima,
na mtu akiwasha tanuri wakati mwingine anafua
sote tunapapasa droo kutafuta mishumaa.

Basi nikatoka na soksi.

Nilianza kwa Bogomir, unga hadi viwikoni,
mkate wa jozi umeanza kuumuka.
"Dakika kumi na mbili?"
"Kumi na mbili."
"Chachu haijui kusoma saa," akasema,
lakini akalizima tanuri.

Kwa Lovro na Tjaša, wanafunzi wa chumba cha kona,
mashine ilikuwa inakamua, inaruka kama mbuzi kambani.
Wakaizima na maji yake,
mkono wa shati ukabaki umebandika kioo
kama mtu anayeomba kushuka.

Bi Terezija alifungua mlango robo.
"Ndani ya hilo sanduku mna nini?"

Mna risiti za kodi.
Mna picha elfu tisa, elfu nane za mbwa mmoja.
Mna mama yangu akiuliza kama simu inarekodi,
mara tatu, halafu anaondoka bila kusema alichokusudia.
Mna folda iitwayo Nitapanga Baadaye.
Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi;
sikuona namna ya kumpimia.

"Vitu," nikasema.
"Haya, vitu," akasema, akachomoa birika.

Nikabonyeza.
Taa ya kijani ikawa ya chungwa.
Asilimia nne. Tisa. Tisa. Tisa.

Kwa kuwa hapakuwa na la kufanya majumbani mwao
walikuja, mmoja mmoja, wakasimama ukumbini kwangu,
Bogomir na sinia lake kwapani,
akaliweka juu ya bomba la joto bila kuomba ruhusa.
Tukatazama sanduku
kama wageni wanaotazama mtoto asiye wao.

Asilimia sabini na moja, taa zote zikafa.
Feni ikanyamaza.
Sikuwa nimejua kwamba nyumba yangu
ina ukimya wa namna hiyo.
"Limekufa?" akanong'ona Tjaša.
Lovro akamkanyaga mguu.

Nilihesabu hadi arobaini na nne.

Likakohoa.
Kikohozi kilekile, kikavu, cha mzee wa tumbaku,
nami niliyekilaani miaka mitano
nikashika ukuta.

Kila kitu kilikuwapo. Mbwa alikuwapo.
Ila tarehe: Januari mosi, mwaka wa sabini.
"Halijui leo ni lini," nikaeleza,
"limesahau saa. Nitalirekebisha."
Bi Terezija akainama, miwani puani.
"Mwaka wa sabini nilikuwa na nywele hadi kiunoni
na sikudaiwa na mtu. Liache hapo kidogo."

Nikaliacha.

"Naweza kuwasha?" akauliza Bogomir toka mlangoni.
"Washa."
"Na sisi?" Lovro, tayari ameshafika kwake.
Nikafungua mdomo.

Giza, ghorofa nzima, kwa mpigo.
Tukasikia diski zikipunguza mwendo,
moja, kisha ile nyingine, kwa taabu,
na hakuna aliyesogea
mpaka Bogomir alipouliza, kwa upole,
nani amekanyaga mkate wake.