Likizo ya Mnunuzi

Saa kumi na moja alfajiri, Feri.
Dada Chausiku kanishika mkono kama mtoto
nisipotee kati ya ndoo na magamba.
Miaka sita nanunua chakula cha hoteli Maskati,
nyota tano, vyumba mia tatu na arobaini,
na hapa mimi ni mbeba kapu.

Mkono umezoea vibaya:
unapapasa mfuko wa shati, unatafuta kipimajoto.
Vidole vimeshafunua matamvua
kabla sijaomba ruhusa.
"Huyu kaka yako daktari?" anauliza dalali Mbwana.
"Mwambie hawa wameshakufa."
Watu wanacheka. Nami nacheka,
nimechelewa kidogo.

Kule changu hapokelewi akipungua gramu mia nne
wala akizidi mia tano,
maana mpishi mkuu kaagiza sahani kwanza,
na samaki sharti aenee humo, mkia usining'inie.
Dada hununua kwa fungu:
wakubwa, wadogo,
na mmoja kajipinda kama kufuli.
Sahani zitajijua.

Kule natia saini, muuzaji atalipwa baada ya siku sitini.
Akipiga simu namwambia mfumo haujaruhusu.
Mfumo. Neno zuri la kujifichia.
Huku dada kapungukiwa elfu nane.
Mbwana kamtazama, kachora mstari wa mkaa kwenye ubao,
"Saa tisa, mama,"
na ameshamgeukia mwingine.

Sijamwambia dada habari ya mwezi wa tatu.
Yalishuka maboksi arobaini kutoka nyumbani,
maparachichi ya Rungwe, yamekuja kwa ndege,
karatasi zake zimegongwa mhuri hapa hapa Dar.
Joto la gari lilizidi nyuzi mbili.
Nikaandika YAMEKATALIWA, kwa kalamu nyekundu.
Kwenye boksi moja palikuwa na mwandiko wa mtu,
labda binti wa kufungasha, labda alikuwa anatania:
Msalimieni atakayekula.
Hakuna aliyekula. Au sijui.
Jioni wapagazi waliyabeba kwa mlango wa nyuma,
nikajifanya nahesabu vitunguu.

Tumerudi Ilala. Dada anapara, mafuta yanalia,
mafundi wa gereji wanavuta mabenchi kivulini.
"Kule unakula nini, kaka?" anauliza fundi Sefu,
mikono myeusi kwa grisi.
"Aa, vingi," nasema.
Nakula wali na dengu, kantini ya chini,
jirani na mashine za kufulia mashuka.
Kambakoche namjua kwa bei.

Nikamwambia dada yule aliyepinda
mimi nisingempokea.
Hakubisha. Akambonyeza kwa dole gumba.
"Nyama ikirudi, mzima. Ikibaki shimo, mwache."
Nyama ikarudi.
Kisha dole lile lile, na magamba yake,
akanibonyeza nalo shavuni
mbele ya wateja wote.
Akasubiri. Sefu naye akasubiri, tonge mkononi.
"Inarudi," akasema dada. "Polepole."

Akanipa beseni nigawe wali.
Yule wa kufuli akaniwekea mimi,
mkia nje ya sahani.