Dakika Tatu

Mimi ni karani wa baraza. Kazi yangu ni kuandika
nani kasema nini, saa ngapi, nani kaunga mkono.
Miaka kumi na tisa sijaandika neno langu hata moja.

Jumanne ile theluji iliganda kwenye ngazi,
ngazi zilezile. Mtu alikuwa kamwaga chumvi,
chumvi ikaila theluji, ikaacha doa jeusi la saruji,
nasi tukalikwepa, tukapanda ubavuni
kama wapitao mlangoni kwa mgonjwa aliyelala.

Siku kumi na moja tangu Tadeusz Wasielewski,
diwani wa kata ya nne, fundi bomba mstaafu,
apigwe risasi akitafuta funguo za gari mfukoni.
Katika mji huu wa Pennsylvania, mji wa chuma usiofua tena chuma,
kiti chake kilibaki wazi. Mtu alikiwekea kofia.

Ajenda namba sita: Mswada wa Utulivu.
Mabango marufuku uwanjani kwa siku tisini.
Watu zaidi ya kumi, kibali.
Na kifungu cha saba, kilichoongezwa usiku:
mtumishi yeyote wa mji aliyemkejeli marehemu
afukuzwe bila kusikilizwa.

Kifungu cha saba kilikuwa na jina, ila halikuandikwa.
Orrin Stoltz, dereva wa lori la taka,
alibandika kadibodi kiooni siku ya pili ya msiba:
WASIELEWSKI ALITUPANDISHIA KODI YA MAJI.
KIFO HAKIFUTI DENI.
Niliisoma nikiwa na pipa mkononi. Nilitamani kuirarua.

Watu wakasema. Kila mtu dakika tatu:
taa ya kijani, ya njano, nyekundu, kengele.
Mwenye duka la viatu alisema ulimi hauna mfupa
lakini ndio uliofyatua bunduki.
Mchungaji alisema kuna majira ya kunyamaza.
Kijana mmoja alisema haogopi, na sauti ikamtetemeka.
Nikaandika: alipinga.
Tetemeko halina safu kwenye fomu.

Kisha akasimama Halina, mjane.
Hakuvaa nyeusi. Alivaa koti la mumewe,
mikono kaikunja mara mbili.
Mwenyekiti akanyoosha kidole kuizima saa.
"Mama, wewe sema utakavyo."
"Iwashe," akasema. "Nipe tatu, kama mwingine yeyote."

Kijani.

"Orrin alikuja kwetu kila Ijumaa ya mwisho wa mwezi
kugombana juu ya kodi ya maji.
Alimwita mume wangu mwizi
mdomo umejaa kabichi yangu.
Tadeusz alimjibu kwa tarakimu.
Walipiga meza mpaka kikopo cha chumvi kikaruka.
Yule aliyemuua hakuja kugombana hata siku moja.
Hakupiga meza. Hakuandika bango.
Uso wake nimeuona mara ya kwanza mahakamani."

Njano.

"Kadibodi ile iliniuma. Nitamwambia mwenyewe, usoni.
Lakini ninyi mnataka kumshona mdomo
kwa uzi mliouchomoa kwenye suti niliyomzika nayo mume wangu.
Suti ile niliipiga pasi mimi.
Uzi sikuwapa. Na kesho mkimaliza mdomo wa Orrin,
uzi ukibaki, mtamshona na—"

Nyekundu. Kengele. Akaketi.
Hakuna aliyemaliza sentensi ile kwa niaba yake.

Kifungu cha saba kilianguka, kura nne kwa tatu.
Mabango yalipigwa marufuku hata hivyo,
siku thelathini badala ya tisini.
Kijana yule alitoka kabla ya hesabu.

Kanuni inataka mstari mmoja: Bi. Wasielewski alipinga.
Nimeandika yote, pamoja na kabichi.
Wakinifukuza, watanisikiliza kwanza.

Alhamisi alfajiri lori lilipita. Kadibodi ilikuwa bado kiooni,
pembe moja imelegea kwa unyevu.
Lilisimama mbele ya nyumba ya Halina
muda mrefu kuliko pipa moja linavyohitaji.
Taa ya jikoni ikawaka.
Hili halikusemwa barazani. Naliandika.