Ukurasa Mmoja

Kurasa nne, anasema Gwamaka. Kule Ayalandi hawasomi kurasa nne.
Glavu zake za sufu zimekatwa ncha ili vidole vichape;
Julai ya Uyole haimhurumii hata mwenye steshenari.
Tupunguze, dada.

Anaanza na picha yangu, ile ya studio yenye pazia la bluu.
Hawataki sura.
Tarehe ya kuzaliwa, hawataki.
Dini, futa. Ndoa, futa.
Jina la baba, kijiji, kata, tarafa:
kumbe mtu anaweza kubakizwa jina na namba ya simu
na bado akaitwa mwombaji.

Mdhamini wangu alikuwa Mchungaji Mwaisumo,
hajawahi kuniona kazini
ila ananiombea kila Alhamisi.
Gwamaka anakuna kichwa. Weka mtu aliyekuona ukifanya.
Walioniona ni ng'ombe, namjibu. Hacheki.

Miaka kumi na moja ya uhimilishaji.
Nimebeba mbegu za madume nisiowajua
ndani ya mtungi wa naitrojeni, nyuma ya pikipiki,
Nsalaga, Inyala, hadi kule juu Tembela
ambako ukungu ukishuka unaona tanki la mafuta
na magoti yako, basi.

Nilikuwa nimeandika: *tulihudumia wafugaji mia tatu.*
Anainua macho. Tuli, na nani?
Mimi, na Anyelwisye kabla hajahamia Makete,
na mama anayeshika mkia,
na mtoto anayemulika kwa simu,
na mzee anayemnong'oneza ng'ombe wake
mpaka mgongo ulegee.
Hao hawaombi kazi, anasema. Kila mstari uanze na *ni*.

Nilihudumia. Nilisimamia. Niliboresha. Niliongeza.
Naisikia sauti yangu ikipanda jukwaani peke yake.
Kwetu mtu akisema nili, nili, nili bila kupumua
huulizwa amekunywa nini.

Halafu pengo.
Machi elfu mbili kumi na sita mpaka Juni kumi na nane.
Hapa ulikuwa wapi?

Nilikuwa Rufaa, wodini, kitanda cha dirishani.
Kisha nyumbani, namgeuza mama ubavu
kila baada ya saa mbili, ngozi isichubuke.
Kila wiki nilijua amepungua kiasi gani
kwa kumnyanyua tu.

Gwamaka ameachia kipanya.
Baadaye sana anaandika: *majukumu ya kifamilia.*
Maneno matatu. Nayahesabu
kama ninavyohesabu chenji ya gengeni.

Lugha: Kiswahili, Kinyakyusa, Kiingereza cha kusoma lebo.
Kisafwa nilijifunzia zizini;
najua kusema tulia, sogea, pole mama,
na ng'ombe hajawahi kunisahihisha.
Kiwango gani?
Andika kinatosha.
Anazungusha orodha juu, chini. Hakuna kinatosha.

Tumefika ukurasa mmoja na mstari mmoja uliogoma
pale simu inapolia: Mzee Mwashilindi wa Inyala,
mtamba wake analia tangu alfajiri, ute umeonekana,
na jirani tayari amemletea dume la bure.
Mzee, mshikilie, nakuja.
Navaa koti, nafungua mtungi nikague;
mvuke mweupe unamwagika, unanilamba vifundo.

Gwamaka ananifuata hadi kizingitini.
Dada Subilaga! Nihifadhi kwa jina gani?
*Wasifu wa mwisho* lipo. *Mwisho kabisa* nalo lipo.

Pikipiki inakataa, inakataa, inakubali.
Andika *bado*, nampigia kelele.
Sikusikia alichojibu.