Kundi la Kitu Kimoja

Rimantas alistaafu Oktoba, akatuachia
kazi sitini na moja zinazojiendesha,
zote kwenye orodha moja, ndefu kama foleni ya benki mwisho wa mwezi,
na nusu ya keki ya asali.

Panevėžys, maabara ya kupima maziwa.
Nje, nyuzi kumi chini ya sifuri.
Nikaambiwa: Gintarė, zipange. Zitie kwenye makundi,
timu ijue ipi ni ya nani.
Nikadhani ni kazi ya asubuhi moja.

Ile inayomwandikia mfugaji
kwamba maziwa yake yana dawa ya ng'ombe, asiyauze:
Wafugaji.
Ile inayopiga kelele jokofu la tatu likivuka nyuzi sita:
Vifaa.
Ankara nikazipeleka Uhasibu,
ingawa Uhasibu ni Nijolė peke yake
na paka wa kwenye kalenda yake.
Lakini ile inayosoma jokofu, ikamwomba radhi mfugaji,
kisha ikampunguzia deni kwa Nijolė?
Ina miguu mitatu, na kila mguu una kiatu chake.

Tukabishana wiki nzima.
Vytenis alitaka tupange kwa idara.
Mimi kwa saa: zinazoamka usiku, zinazoamka mchana.
Nijolė, bila kuinua macho kwenye kikokotoo,
akasema tupange kwa kuuliza
nani ataumia ikizimwa.
Tukacheka.
Tukapanga kwa idara.

Majina aliyozipa Rimantas yalikuwa kama ya watoto waliozaliwa safarini:
jaribio la pili, mpya mpya, ya Alhamisi labda.
Nikazibadilisha moja moja, nikazivika sare.
Mwisho ikabaki moja. Jina lake: usiniguse.
Kila siku ya kazi, saa kumi na dakika ishirini alfajiri,
huwasha kitu namba kumi na nne.
Saa moja na nusu hukizima.
Haimwandikii mtu. Haiombi ruhusa. Haina idara.
"Yatima," akasema Vytenis, akaizima
kwa kidole kimoja,
kikombe cha kahawa mkono wa pili.

Siku tisa hakuna aliyelalamika.

Siku ya kumi sampuli za Biržai zilikuja mapema,
nikafika saa kumi na moja, giza bado limekaa.
Nikamkuta Stasė akipiga deki
ndani ya koti, skafu na kofia ya sufu,
pumzi yake ikitoka kama mvuke wa birika,
vidole vyekundu kama bitiruti.
Miaka kumi na mmoja anasafisha hapa.
Mimi nilikuwa naijua sakafu tu.

"Hita ya ukumbini imekufa," akasema,
kwa sauti ya mtu anayesoma utabiri wa hali ya hewa.
"Nikadhani mnabana matumizi."

Namba kumi na nne.

Sikumjibu. Nilikwenda kwenye kompyuta, koti mwilini,
nikafungua kundi jipya, nikaandika juu yake STASĖ,
nikaitia ile moja ndani, nikaiwasha.
Kule ukumbini kitu kikakohoa, kikaanza kunguruma.

Vytenis alipofika aliikodolea skrini.
Kundi la kitu kimoja, akasema, si kundi.
Sawa. Kidole kimoja hakivunji chawa,
lakini cha kwake kilitosha kuzima hita.

Mchana Nijolė aliongeza safu kwenye jedwali letu,
mkono wa kulia kabisa, baada ya Idara, baada ya Saa.
Hakuipa maelezo. Juu yake ameandika tu: Nani?
Mpaka leo tumejaza mistari kumi na saba,
na miwili kati ya hiyo tumeifuta,
tukaandika jina jingine.