Viti Vyenye Mikono

Budapest, Alhamisi, theluji nusu maji,
nazunguka migahawa ya kitajiri nikikalia viti.
Wahudumu wananitazama: huyu ana nini?
Siulizi mvinyo ni wa mwaka gani, wala bata kapikwaje.
Nauliza choo kiko juu au chini, ngazi ngapi,
na kiti, kina mikono ya kumshikilia mtu akiinuka?

Dada yangu Ilka anapiga simu toka Graz:
"Chagua penye jina. Ni mara moja kwa mwaka."
Penye jina pana stuli, Ilka.
Penye jina pana muziki wa kutwanga sikio lake moja zima.

Jumamosi, saa saba mchana.
Baba, miaka arobaini fundi wa lifti,
kavaa tai aliyomzikia mama.
Nimekwisha kunong'ona mlangoni: orodha yake isiwe na bei.
Anaigeuza, anaigeuza tena,
kama mtu aliyepewa saa isiyo na mishale.
"Supu," anasema. Supu siku zote ndiyo rahisi.

Supu!
Mkono wake wa kulia haujatulia tangu Machi.
Ngazi nilihesabu, viti nilipima,
kijiko nikakisahau.

Mhudumu hakutia neno.
Akaileta ndani ya kikombe chenye masikio mawili.
Baba akakikamata kwa mikono yote,
akanywa, akafuta masharubu.
"Hapa wanajua kazi," akasema.
Kisha akainamisha kichwa upande, akisikiliza ukutani:
"Ila lifti yao, kamba imechoka. Waambie."