Kola ya Yungiyungi

Nianze na kosa, maana ni langu:
miaka kumi na mmoja lile karatasi lilikaa kabatini,
droo ya tatu, ile inayokwama masika,
na jina lisilo lake,
kwa mwandiko wangu, wenye mkia ninaoupenda.
Ua likishakauka, nani atalibishia?
Wekundu huwa kahawia, kahawia huwa vumbi,
na vumbi halina ukoo.

Vuli hii tulipanda Magamba, mimi na Shekiondo,
yeye na vibao vya kukaushia mgongoni,
mimi na magazeti ya zamani,
mechi zilizokwisha kuchezwa na kusahauliwa.
Ukungu ulikuwa chini yetu. Lushoto nzima imezama,
imebaki kengele ya shule na moshi wa mkaratusi.

Penye mwamba tukayakuta: mayungiyungi ya mlima,
mekundu, kila moja na shina lake.
"Haya," nikasema, kwa sauti ya mtu mwenye mshahara,
"ni aina moja. Kata mawili, tushuke."

Nilikuwa na sababu zangu:
shina lina madoadoa kama shingo ya kanga,
chini kuna kitunguu kisicholiwa,
nyuzi zimesimama, kila moja na kichwa cha njano.
Nikapima. Rula ikakubali.
Rula hukubali upesi.

Zahabu wa akina Mbelwa alikuwa ametufuata
na ndoo ya plamu, sweta ya shule imefumuka kiwiko.
Hakuna aliyemuuliza. Akachuchumaa,
akaonyesha kwa kijiti:
"Hili lina kola. Hili halina."
"Kola gani?"
"Ya shati. Si hiyo?"

Nikapiga goti, tope likapenya suruali.
Chini ya nywele nyekundu za lile la kushoto
vijani vimesimama wima, vimelibana ua kooni,
mwalimu mkuu siku ya mahafali.
La kulia, vijani vimelegea, vimenyauka mapema,
na ua lenyewe ni mpira, halina mbele wala nyuma.
Moja brashi ya kupakia chokaa.
Moja jua, lililochorwa na mtoto
aliyepewa kalamu moja tu ya rangi.

"Mbuzi wetu alikula lenye kola," akasema, "akafa."
"Na hili?"
"Hili hatujui. Hatujalipa mbuzi mwingine."

Shekiondo alicheka hadi vibao vikagongana mgongoni.
Mimi nilikuwa nimeshafika kabatini,
naivuta ile droo.

Mama yangu, kule Mkuzi, aliyaita yote kwa neno moja,
na neno lilimtosha: hakuwa na droo.
Mimi nilifundishwa majina mia tisa
na sikufundishwa kukawia.
Kufanana, mara nyingi,
ni jicho lililoshiba kabla ya chakula kwisha.

Sheria ya kabati ni hii: jina la zamani halifutwi.
Hukwangui, huchani, hata kama linakuaibisha.
Unabandika kijikaratasi chini yake:
jina jipya, tarehe, aliyetambua.

Usiku nikaifungua droo kwa goti.
Nikalidondoshea ua maji ya moto, tone, tone,
hadi kitu chembamba kama ganda la kitunguu
kikajikunjua nusu pale shingoni.
Kola.
Ilikuwepo siku zote, imelala kifudifudi
juu ya mabao mawili ya timu iliyoshuka daraja.

Nikaandika jina lililo lake, bila mkia.
Penye "aliyetambua" kalamu ilisita,
siyo sana.
Zahabu Mbelwa, nikaandika, darasa la tano,
kwa macho.

Plamu nilizonunua kwake zilikuwa mbili, zinafanana.
Moja ilikuwa chachu.