Uzi wa Saba

Alhamisi, mjini Tartu, nyuzi kumi na moja chini ya sifuri.
Nilikuwa na tiketi mbili na mwili mmoja.
Virve alipiga simu kusema mafua yamemlaza.
Sikumwamini, ila nilimwombea shifaa.

Karakana ya baiskeli ya Ülo, nyuma ya kiwanda cha bia:
mara moja kwa mwezi magurudumu husukumwa kando,
vikapangwa viti visivyofanana hata viwili,
cha jikoni, cha shule, kimoja cha daktari wa meno.
Watu ishirini na sita. Nilihesabu, ni mazoea;
mchana kutwa nahesabu vidonge katika duka la dawa.
Mabuti yetu mlangoni yalilia theluji,
dimbwi likatambaa kuelekea nyaya za spika,
Ülo akalipiga deki kwa fulana kuukuu, wala hana haraka.

Hapakuwa na msanii niliyemjua. Ndiyo sababu nilikuja.
Nyimbo zangu nimezichakaza,
zimekuwa kama ngazi za nyumbani:
napanda bila kutazama.

Akatangulia Taavet, kijana mwembamba kama spoki,
gitaa limemzidi kifua.
Akausahau ubeti wa pili.
Akaanza upya, akausahau palepale,
kama ajikwaaye kisiki kimoja akienda na akirudi.
Tulimpigia makofi kuliko alivyostahili,
naye akajua, masikio yakamwiva.
Lakini ulikuwapo mstari mmoja, wa mama yake
anayeacha taa ya choo ikiwaka
ili nyumba isijione tupu.
Huo nimeondoka nao.

Mapumziko. Mkate mweusi, chai,
kopo la sarafu lisilo na mlinzi.

Kisha Helve. Rika langu, hamsini na ushee,
mikono ya mtu anayeendesha greda la theluji.
Ndiyo kazi yake, alisema; saa tisa usiku ana zamu,
kwa hiyo tusimdai nyimbo nyingi.
Akapakata kaneli yake, mbao na nyuzi kumi,
kwa tahadhari, kama apakataye paka wa jirani.

Sauti haikuwa nzuri. Nisidanganye.
Ilikuwa na changarawe,
ila ilijua inakokwenda, na haikutusubiri.

Katikati ya wimbo, ta!
Uzi wa saba ukakatika, ukamchapa kidole.
Ülo akanyanyua waya wa breki, tukacheka.
Helve akanyonya damu.
"Hiyo ndiyo bawaba ya wimbo," akasema.
"Nikifika hapo nitanyamaza. Mvume ninyi."
Akatupa ile sauti mara moja tu,
chini, mahali ambapo mtu husema *mmh*
akikubali jambo asilolipenda.

Mara ya kwanza tuliwahi mno.
Mara ya pili tulichelewa; akabaki anavuma peke yake
babu wa kiti cha daktari wa meno, macho kayafumba,
bila habari kwamba sisi wengine tumeshavuka.
Mara ya tatu, sijui.
Nililitafuta koo langu nisilipate.
Kitu kilitetema kifuani
kama kioo cha dirisha lori likipita,
na sikuweza kusema ni mimi au ni jirani yangu,
mwanamke mwenye skafu ya manjano
ambaye hadi leo sijui anaitwa nani.

Hana santuri, hana kanda ya kuuza.
Nilimwomba jina, akaniandikia nyuma ya risiti ya tairi,
herufi za mtu aliyevaa glavu maisha yake yote.

Nyumbani sikupata usingizi.
Tiketi ya Virve bado mfukoni, haijakatwa.
Saa tisa na robo greda likapita mtaani,
likikwangua barabara hadi kwenye mfupa,
na kioo changu kikaanza kuvuma.
Nilikaa kitandani nikakiitikia, polepole, *mmh*,
safari hii kwa wakati wake.

Huenda hakuwa yeye.
Magreda ya mji huu ni mengi.